Nyeusi Kwanza

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja juu ya gari, na majirani wote waliijua. Kila Ijumaa jioni Karani alifungua boneti akaunga waya ya betri. Jumapili jioni alifungua boneti tena akaitoa. Gari lenyewe, la kijivu, lilikuwa na ugonjwa wa kunywa umeme likiwa limelala. Mafundi watatu walitafuta mahali unapovujia wasipaone, basi Karani akaamua kulinyima kabisa, kama mtu anayeficha sukari kwa watoto. Likiachwa na waya siku nne, asubuhi ya tano hata kukohoa halikohoi.

Karani alikuwa amestaafu ofisi ya maji zamani, lakini jina la kazi lilimganda. Mkewe naye jina lake la kazi lilimganda vilevile: Mama Mkate, kwa kuwa aliendesha gari la kiwanda cha mkate miaka kumi na miwili, tangu enzi ambazo mwanamke akishika usukani watu walitoka madukani kumtazama.

Kulikuwa na sheria nyingine, ya pete ya ndoa, na hiyo ilikuwa yake Mama Mkate. Huko karakana ya kiwanda alimwona kwa macho yake dereva mwenzake akilegeza nati ya betri huku pete iko kidoleni. Spana iligusa ncha nyekundu, pete ikawa kati ya spana na bodi ya gari, na kabla mtu hajafungua kinywa ilikuwa imeiva kama kaa la moto. Kidole kile hakikupona. Basi mwaka wa kwanza wa ndoa alimkalisha mumewe akampa masharti. Kabla ya kugusa betri, vua pete. Usiitie mfukoni, maana mifuko yako yote ina matundu. Usiing'ate menoni, utaimeza. Akampa kifuniko cha bluu cha chupa ya dawa ya kifua, akamwambia pete ikae humo, na kifuniko kikae kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, kwa nje, pale ambapo yeye akiosha vyombo atakiona.

"Nikikiona pale," alimwambia, "najua mume wangu ni mzima na pete yangu ni nzima."

Miaka thelathini na moja kifuniko kilikaa pale kila Ijumaa na kila Jumapili. Mpaka Jumapili moja, miaka mitatu iliyopita.

Siku hiyo Karani alikuwa anaweka betri mpya, kazi ikamchukua muda. Alipomaliza, akaosha mikono, akaenda dirishani, akarudi garini, akaenda dirishani tena. Mwisho akaingia jikoni na kidole kitupu. Akasema pete haionekani, na kifuniko chake hakionekani, na yeye alikiweka dirishani kama siku zote.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama Mkate alikuwa amesimama dirishani pale tangu mwanzo wa kazi mpaka mwisho, anasugua mikebe yake ya kuokea, na hakuna kifuniko cha bluu kilichopita mbele ya macho yake. Pete kupotea angeweza kuilia ikaisha. Uongo haukumezeka.

"Pete imeota miguu," alisema, "na kifuniko nacho kimeota miguu. Vimeongozana kwenda wapi, harusini?"

Tena wakati huo Karani alikuwa anakwenda mara mbili kwa wiki kumjazia fomu za mafao mpiga chapa wa zamani wa ofisini kwao, mwanamke aliyefiwa na mume. Mtaani walishasema maneno. Mama Mkate aliyapuuza yalipoanza, lakini jioni ile aliyaokota yote, moja moja, akayaweka pamoja.

Karani alitafuta siku mbili. Alichekecha mchanga wa uani kwa chekecheo la unga la mkewe, na hilo nalo likawa kosa jipya. Kila alipoulizwa alirudia neno lile lile, kwamba aliweka dirishani, wala hakulibadili. Na kila aliporudia, mkewe alizidi kusadiki kwamba anadanganywa na mtu asiyejua hata kutunga. Siku ya tatu alihamishia godoro lake chumba cha nyuma, kwenye cherehani.

Hawakuachana. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, wageni walipokelewa. Ila maneno yaliyobaki kati yao yalikuwa ya chai iko mezani na maji yamekatika.

Kilichokufa kabisa ni vitendawili. Zamani wawili hawa hawakulala bila kutegana. Walikuwa na namna yao: wengine mtu akishindwa hutoa mji, wao walitoa vyumba, kwa sababu Karani alisema miji si yake, atatoaje mali ya watu. Kwa hiyo Mama Mkate aliwahi kumiliki sebule mwezi mzima, na Karani akabisha hodi kila alipotaka kukaa kwenye kiti chake.

Baada ya pete, Karani hakuacha kujaribu. Kila Jumapili jioni, akishatoa waya na kunawa, alikuja kusimama nje ya chumba cha nyuma.

"Kitendawili," alisema.

Ndani cherehani ilizidi kukimbia. Ilitakiwa neno moja tu, tega, na halikutoka. Karani alitega hivyohivyo, kitendawili kile kile, alichokitunga mwenyewe: ndugu wawili wanakaa juu ya paa moja, siku wakishikana mikono nyumba inaungua. Alingoja kidogo, kisha ndara zake zikasikika zikirudi sebuleni. Jibu Mama Mkate alilijua tangu Jumapili ya kwanza. Ni ncha mbili za betri. Alilimeza.

Ijumaa moja, Karani akiwa ameshaunga waya, kiharusi kilimwangusha bafuni. Binti yao, ambaye ni nesi kwenye mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa gari, alikuja akamchukua akakae kwake karibu na hospitali. Mama Mkate alikwenda naye wiki mbili za mwanzo, akamlisha, akamgeuza, akarudi nyumbani. Alisema nyumba haiwezi kubaki peke yake. Gari lilibaki uani na waya yake imefungwa. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi alilitazama kupitia dirisha lile lile. Alijua la kufanya. Akasema moyoni, mwenye gari atalishughulikia mwenyewe, akashusha pazia.

Miezi minne ikapita hivyo, mpaka binti alipopiga simu siku moja, sauti yake imechoka. Alimweleza mama kwamba baba anatembea kidogo kwa fimbo, mkono unarudi, lakini kichwa kinapungua. Kuna siku anamwita yeye nesi, si mwanangu. Na jambo moja linamnyima usingizi.

"Anauliza, waya imetolewa? Kutwa nzima, mama. Nikimwambia imetolewa, ananiambia sijaiona kwa macho. Kama hutaki kuja kwa ajili yake, njoo kwa ajili yangu. Njoo na hilo gari alione anyamaze."

Mama Mkate alisema atakuja Jumamosi, tena na gari. Alisisitiza kwamba anampelekea mtu mali yake, basi.

Gari, bila shaka, lilikuwa limekufa. Alizungusha ufunguo, halikutoa hata mlio. Akaenda kwa jirani aliyeitwa Fundi Redio, ambaye alikuwa na chaja ya betri. Fundi alisema chaja ipo lakini waya yake ni fupi, haifiki uani kwa Mama Mkate, na yeye mwenyewe hawezi kuinamia boneti.

"Mgongo wangu ulistaafu kabla yangu, shemeji. Itoe wewe uniletee. Mtu aliyeshinda barabara na mikate elfu moja atashindwa na kijibetri?"

"Mikate haikuwahi kunirusha."

"Basi nitakaa ukutani nikupigie kelele. Hiyo kazi naiweza."

Akaja kweli, akaegemea ukuta mfupi uliotenga nyua zao, na kikombe cha chai mkononi. Alipotoa sigara, Mama Mkate alimwonyesha kidole tu, akairudisha. Betri hutoa hewa inayoshika moto, na mshika sigara huyo alilijua hilo kuliko yeye.

Ukweli ni kwamba hakuhitaji kupigiwa kelele. Miaka yote ile kabla ya pete kupotea alikuwa anamshikia Karani taa, na mikono ilikumbuka yenyewe. Aliutoa ufunguo garini akauweka mfukoni. Akavaa miwani yake ya kushonea na glavu za kuoshea vyombo. Kisha akasimama, akavua bangili, akavua na pete yake. Alitazama huku na huku atakapoiweka, akaifunga kwenye ncha ya kanga, akakaza fundo mara mbili.

"Ipi kwanza?" Fundi aliuliza, anamjaribu.

"Nyeusi kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bodi yote ya gari ni ndugu yake nyeusi. Ukianza na nyekundu spana ikateleza ikagusa bodi, umewashikanisha mikono." Ndivyo Karani alivyomweleza, kwa maneno hayohayo.

Ncha zilikuwa zimeota ukungu mgumu, mweupe wenye kijani, kama chumvi iliyooza. Kwa spana namba kumi alilegeza nati ya nyeusi, upande wenye alama ya kutoa, akakichezesha kichwa cha waya kushoto kulia bila kukilazimisha, kikachomoka. Akakizungushia kitambaa kikavu na kukikunja pembeni, kisirudi chenyewe. Ndipo akaja kwenye nyekundu, upande wa kujumlisha. Mwisho akafungua kibanio kilichoishika betri isitikisike. Kilikuwa na kutu, kikamtoa jasho.

Fundi alimwambia ainyanyue wima, asiilaze, ndani mna tindikali. Akaikumbatia, akavuta pumzi, akainyanyua. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Akaitua kwenye toroli aliyokwisha kuisogeza karibu, kisha akageuka kufuta kitako cha chuma ilipokuwa imekaa betri.

Kwenye pembe ya kitako, kati ya majani makavu na vumbi lililoshikana na grisi, kulikuwa na kitu cha bluu.

Alidhani ni kipande cha plastiki cha gari. Akakikwangua kwa mpini wa spana, kikaachia. Kilikuwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kifua. Ndani yake, imenata kwenye grisi iliyochuruzika ikakauka, ilikuwamo pete.

Fundi Redio alikuwa anaendelea kuongea, kitu fulani juu ya maji ya uvuguvugu na magadi ya kusafishia ncha. Alipoona hajibiwi, akauliza, "Shemeji, imekuunguza?"

Mama Mkate hakuunguzwa. Alikuwa anatazama dirisha la jikoni. Alikuwa anaiona Jumapili ile jinsi ilivyokuwa: yeye amesimama ndani anasugua mikebe, na kila mkebe unaotakata anaupitisha dirishani, anaupanga kizingitini ukauke na jua. Mikebe sita. Kizingiti kizima kilijaa mikebe yake. Mtu aliyeliona dirisha limejaa tangu garini angekiweka wapi kifuniko chake? Angebaki nacho. Angekituliza mahali kwa muda, karibu na mkono, labda juu ya lile kasha la chujio la hewa linalopakana na betri, halafu angeinama kuitia betri mpya, na kifuniko kingeteleza kimya kimya kikaingia kabla yake. Na baadaye, akiulizwa, angesema dirishani. Angesema dirishani kwa sababu kwa miaka thelathini na moja kilikuwa dirishani. Mkono wake ulikuwa unakumbuka siku nyingine zote, ukaisahau hiyo moja.

Hakudanganya. Alikosea, basi. Na aliyemjazia dirisha alikuwa anashinda pale, anamwuliza miguu ya kifuniko.

"Amekuwa akiiunga na kuitoa waya hii," alimwambia Fundi polepole, "miaka mitatu, kila wiki. Pete iko chini ya mikono yake. Na mimi niko chumba cha nyuma, namsikia."

Fundi alikitazama kifuniko, akamtazama yeye. Alizunguka langoni na mgongo wake mbovu hivyohivyo, akaisukuma toroli mwenyewe.

Betri ilinyonya umeme kibarazani kwa Fundi, mahali penye hewa, mpaka kesho yake asubuhi. Mama Mkate alizisugua ncha kwa brashi na maji ya magadi, akazisuuza na kuzikausha, akazipaka grisi kidogo. Akaikalisha betri mahali pake, akaifunga kibanio. Kisha nyekundu, akaikaza. Nyeusi mwisho. Ilipogusa, cheche ndogo ikaruka, na ndani ya gari taa ndogo ikawaka. Saa ya gari ilikuwa imesahau kila kitu, inaonyesha sifuri tupu. Alizungusha ufunguo. Gari likakohoa, likashika.

Njia nzima aliendesha na redio imezimwa, anapanga maneno. Alikuwa na mengi. Nisamehe ilikuwa ya kwanza, lakini iliyomkaa kooni zaidi ni ile tega ya Jumapili zote zile. Alijaribu kuzihesabu, akaacha.

Karani alikuwa kibarazani kwa binti yao, kwenye kiti, amefunikwa shuka magotini. Alikuwa amepungua, shingo imebaki ndogo ndani ya kola. Gari lilipoingia, macho yake yalifunguka. Alilitambua. Alilifuata kwa macho mpaka lilipozimwa, kisha akamtazama mwanamke aliyeshuka, kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu aliyeleta mzigo.

"Baba, nani huyu?" binti alimwuliza, anamchokoza amkumbuke.

"Fundi," Karani alisema.

Binti alitaka kusahihisha. Mama Mkate akamkataza kwa jicho. Alivuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya mumewe, akatoa kifuniko cha bluu, akamwekea kwenye kiganja cha mkono ule unaorudi. Karani alikigeuzageuza. Akaitazama pete, wala haikumwambia kitu.

"Ni yako," mkewe alimwambia. "Ilikuwa chini ya betri. Hukusema uongo. Nisamehe."

Karani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamrudishia kifuniko, taratibu, pete isidondoke.

"Siivai nikiwa na kazi ya betri," alieleza. "Mke wangu hataki. Anaogopa nitaungua."

Binti aliingia ndani ghafla, akasema anatafuta chai. Mama Mkate alibaki na kifuniko mapajani. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yametumika, na yalikuwa machache sana kumbe. Lilibaki moja.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," Karani akasema papo hapo, kama mlango uliopakwa mafuta.

Mkewe akatega. "Mwanangu kalala gizani miaka mitatu juu ya sahani ya bluu. Hakuiba, hakutoroka, na mama yake alimtukana kila siku."

Karani alifikiri kwa bidii. Alikunja uso, akasogeza midomo, vidole vyake vikahesabu kitu juu ya shuka. Mwisho akatikisa kichwa. Ameshindwa.

"Basi nipe chumba," alisema Mama Mkate. "Nipe chumba cha nyuma."

"Hicho sikupi."

"Kwa nini?"

"Kina mwenyewe." Alisogeza kichwa karibu, akashusha sauti, kama mtu anayetoa siri ya nyumba kwa mgeni. "Mke wangu yumo. Amenuna. Mimi namngoja atoke."

Mama Mkate alimshika mkono, na Karani akauacha ushikwe, kwa adabu ileile. Wakakaa hivyo. Ndani vikombe viligongana kwa muda mrefu kuliko chai ya watu watatu.

Kisha wasiwasi ukamrudia mzee. Alianza kuhangaika kitini, macho kwenye gari. "Waya imetolewa?"

"Bado," alisema mkewe. "Natoa sasa hivi. Utaona kwa macho."

Alikwenda akafungua boneti. Akavua pete yake, akaiweka kwenye kifuniko pamoja na ile nyingine, akarudi mpaka kibarazani kukiweka ukingoni mwa dirisha, pembeni ya bega la mumewe, mahali anapoweza kukiona. Hapakuwa na chombo kingine chochote pale. Alihakikisha. Halafu akashika spana.

"Nyeusi kwanza," Karani alimpigia kelele kutoka kitini.

"Nyeusi kwanza," akaitikia.

Binti alitoka na sinia. Karani akamwonyesha kwa kidevu yule mwanamke aliyeinama garini, akasema anayajua mambo yake, sijui kafundishwa na nani, na mama akitoka chumbani aitwe aje amwone. Binti akajibu kwamba ataitwa. Mama Mkate alisikia yote. Waya ilikuwa imeshatoka, imefungwa kitambaa chake, kazi imekwisha. Lakini aliendelea kuinamia betri, kichwa ndani ya boneti, mpaka alipoweza kugeuza uso.